Dirisha la mgeni katika kanisa la zamani

Wiki iliyopita nilisema nitaandika historia ya vioo vya rangi vya makanisani, na wengine mlicheka. Mmoja akaniandikia, "Ndugu, watu wanangoja mahindi na maharage, wewe unatuletea vioo?" Sawa. Nisomeni kwanza, halafu mcheke tena.

Jambo lilianzia Bwera. Kuna kanisa pale, jina nitaliacha, wenyeji wanalipanua. Ukuta wa mashariki una matundu mawili ya madirisha ambayo mpaka leo yamezibwa na mabati. Sisi vijana tuliovuka Mpondwe tunaimba kwaya pale, na katekista akatuambia: ninyi mnaojua kuchora, fikirieni kitu cha kuweka kwenye hayo matundu. Tulifurahi sana. Lakini baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akatuita pembeni. Akasema, "Wanangu, ninawapenda. Lakini mkimbizi anakuja na anaondoka. Hili kanisa wamelijenga baba zetu kwa mikono yao. Mkishapelekwa Kanada, hilo dirisha litakuwa la nani?"

Hakusema kwa ubaya. Ni mzee ambaye ametupa hata ndizi za shambani kwake. Ndiyo maana iliuma zaidi. Hakuna aliyemjibu, na mimi ambaye huwa naropoka kila mahali nilinyamaza.

Usiku ule nikaanza kutafuta kwenye simu: je, kuna mahali mgeni aliweka dirisha lake ndani ya kanisa la zamani la watu wengine? Nikapata zaidi ya nilivyotegemea.

Kwanza tuelewane hiki kitu ni nini. Dirisha la kioo cha rangi si kioo kimoja kilichopakwa rangi kama tunavyopaka ubao. Ni vipande vingi vidogo, kila kimoja na rangi yake, vimeshikwa pamoja na vijiti laini vya risasi, ile madini laini, si risasi ya bunduki. Ukikata kijiti chake utaona umbo la herufi H: kioo kimoja kinaingia upande huu, kingine upande ule. Sura za watu, vidole na mikunjo ya nguo vinachorwa juu ya kioo kwa rangi nyeusi ya unga wa chuma na unga wa kioo, kisha kioo kinarudishwa kwenye tanuru mpaka mchoro ushikane nacho. Mtawa mmoja aitwaye Theophilus aliandika kitabu cha ufundi huu katika karne ya 12. Anasema rangi hiyo unaikoroga kwa divai au kwa mkojo. Kwa hiyo msidhani kazi takatifu ilianza na vitu vitakatifu tu.

Na rangi ya kioo inatoka wapi? Hapa ndipo watu wa Kasese mnatakiwa kukaa vizuri. Rangi inatoka kwenye madini yanayotiwa wakati kioo kingali kinachemka kama uji. Shaba inatoa kijani, na ukiipika kwa namna nyingine inatoa nyekundu. Fedha inatoa manjano, ila yenyewe hupakwa juu ya kioo kilichokwisha tengenezwa, kisha kioo kinarudishwa kwenye tanuru. Buluu, ile buluu nzito ambayo ukiingia kanisani inakufanya unyamaze, inatoka kwenye kobalti.

Shaba na kobalti! Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa sababu gani? Shaba ya Kilembe. Na mabaki yaliyorundikwa Kasese kwa miaka mingi baada ya kutoa shaba, yalikuwa na kobalti ndani yake, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kasese Cobalt ikaja kuyafanyia kazi, tena kwa kutumia bakteria wanaokula yale mawe na kuyaachisha madini. Baba mwenye nyumba ninayopanga alifanya kazi ya ulinzi kule. Nilipomwambia kwamba rangi ya buluu ya makanisa ya Ulaya ni kobalti alinitazama kama mtu anayemuuzia simu ya wizi. Na kwetu Kongo sisemi, kila mtu anajua nchi gani inaongoza dunia kwa kobalti na nani anaifaidi. Mafundi wa zamani hawakuchukua kobalti yao kwetu, waliipata hukohuko Ulaya. Lakini madini ni yaleyale. Tunatembea juu ya buluu ya makanisa kila siku tukienda sokoni.

Sasa twende Canterbury. Waanglikana wa hapa jina hilo mnalijua, kwa sababu ndiko kiti cha askofu mkuu wa Uingereza kilipo. Augustino, si yule wa Hippo, mwingine, alifika pale mwaka 597 akitumwa kutoka Roma. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni, hakujua hata lugha yao, ikabidi aje na wakalimani. Mimi kama mkalimani wa foleni za asubuhi nimempenda kwa hilo tu. Tarehe 29 Desemba 1170 mashujaa wanne wa mfalme walimuua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa hilo. Waganda hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 wakati wa Amin, na tangu 1998 sanamu yake imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey huko London, ndani ya vishubaka ambavyo vilikaa vitupu tangu karne za kati. Hebu fikiria, kishubaka kinamngoja mtu wa Acholi miaka mia tano.

Miaka minne baada ya kifo cha Becket kanisa liliungua. Wakajenga upya sehemu ya mbele, na wakaijaza vioo vya rangi. Baadhi bado vipo. Kipo kimoja kinachomwonyesha Adamu baada ya kufukuzwa Edeni. Amevaa ngozi, ameshika sepetu, analima. Ni mtu wa kwanza kufukuzwa kwao, na jambo la kwanza analofanya ni kulima shamba la ugenini. Nimekitazama kioo hicho kwenye simu mpaka bando likaisha. Madirisha mengine yanaonyesha wagonjwa na vichaa na watoto walioanguka, watu wa kawaida kabisa waliokuja kaburini kwa Becket kutafuta kupona. Wengi wao hawakujua kusoma, na ukutani walikuta watu kama wao.

Halafu vioo vilivunjwa, na waliovunja walikuwa Waingereza wenyewe. Mwaka 1643, wakati wa vita vyao vya ndani, mhubiri aitwaye Richard Culmer alipanda ngazi na mkuki mrefu akaviponda, kwa sababu aliona sanamu zote ni ushirikina. Hii sehemu nataka mzee wetu wa Bwera aisikie siku moja: yule aliyeliumiza kanisa zaidi hakuwa mgeni. Alizaliwa kata hiyohiyo ya Kent.

Karne tatu baadaye vita vingine. Safari hii walikuwa wamejiandaa, vile vioo vya kale vilishatolewa na kufichwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1942 ndege za Ujerumani ziliupiga mji wa Canterbury. Kanisa kuu lilibaki limesimama, lakini madirisha ya karne ya 19 yaliyoachwa ukutani upande wa kusini mashariki yalikwisha. Vita vilipomalizika wakabaki na matundu. Matundu, kama yetu ya Bwera.

Sasa nani alipewa kazi ya kuyajaza? Mwanamume aitwaye Ervin Bossányi. Alizaliwa mwaka 1891 Hungaria, katika kijiji ambacho baada ya mipaka kuchorwa upya kiko Serbia. Familia ya Kiyahudi. Akiwa kijana alikwenda Ufaransa kujifunza sanaa, na Vita vya Kwanza vikamkuta huko. Kwa kuwa alikuwa na karatasi za nchi ya adui, alifungiwa kambini mpaka vita vikaisha. Hakuwa amefanya kosa lolote, ni karatasi tu. Alipotoka akahamia Ujerumani, akaanza upya, akajijengea jina kwa kazi zake za sanaa. Akaoa, akapata mtoto wa kiume. Kisha Hitler akaingia madarakani, na mwaka 1934 Bossányi akakimbilia Uingereza na familia yake, akiwa na miaka 43, akaanza tena kwa mara ya tatu.

Ninyi mnaofanya usajili, fikirieni mtu huyo mbele ya meza yenu. Umri 43. Kazi: mchoraji wa vioo. Mngemweka kwenye kundi gani la mafunzo, ushonaji au ufugaji wa kuku? Siwadharau, nauliza tu.

Wakati London inapigwa mabomu, yeye alitengeneza dirisha moja la mwaka 1942 ambalo leo liko kwenye jumba la sanaa la Tate. Linaonyesha malaika akiwabariki wanawake wanaofua nguo. Kusema kweli hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kuliko hata yale makubwa ya Canterbury. Kwa sababu nimewaona wanawake hao. Wako mto Lhubiriha kila Jumamosi, upande huu na upande wa Kasinde, wanaongea Lhukonzo na Kinande ambazo ni kama lugha moja, nguo zimeanikwa kwenye mawe. Mabomu yanaanguka, na mtu anakaa chini achore kufua nguo.

Miaka ya 1950 ndipo madirisha yake ya Canterbury yalipoingia ukutani. Mawili ni makubwa. Moja linaitwa Amani: Kristo amesimama, na watoto wa mataifa mbalimbali wamekusanyika kwake, wa rangi tofauti tofauti. Leo picha kama hiyo iko kwenye kila kalenda ya shirika, lakini kumbukeni ni miaka gani ile, Uganda bado ni koloni, na mtu anaweka mtoto mweusi ndani ya kanisa kuu la Waingereza, kwenye kioo, sawa kwa sawa na wengine. Dirisha la pili linaitwa Wokovu, na ndani yake mtu anatolewa kifungoni. Mtu aliyekaa kambini anajua kuchora sura ya anayetoka. Mimi naamini hivyo, ingawa siwezi kuthibitisha.

Nikiri kitu. Mara ya kwanza sikuyapenda. Niliona rangi zinapiga kelele. Vioo vya kale pembeni yake vina vipande vidogo vidogo, watu wembamba, unakaribia polepole. Vya Bossányi watu wake ni wakubwa, macho makubwa, buluu na nyekundu zinakurukia. Nikawaza: huyu mgeni angeshusha sauti kidogo ndani ya nyumba ya watu. Wapo hata leo watalii wanaosema hivyo. Halafu nikajikamata. Si ndivyo tunavyoambiwa sisi? Muimbe polepole, wakimbizi mna ngoma nyingi mno. Nikarudi kuangalia tena, na nikaona kwamba hakuiga. Angeweza kutengeneza Adamu wa pili na sepetu yake, watu wangempigia makofi. Lakini Adamu wa karne ya 12 naye alikuwa kitu kipya siku alipowekwa.

Hapo ndipo nilipo mpaka sasa kuhusu ule mjadala wa zamani na mpya. Kanisa la karne za kati halijawahi kuwa kitu kimoja cha siku moja. Mnara karne hii, paa karne ile, moto, vita, kaburi la fulani. Ukisema "tusiweke kipya", unauliza tu saa isimame siku uliyozaliwa wewe.

Kuna mwingine lazima nimtaje ingawa habari yake ni ndefu na wengi mnaweza kuisoma wenyewe: Marc Chagall. Alizaliwa 1887 Vitebsk, leo ni Belarus, naye Myahudi. Mwaka 1941 alikimbia kutoka Ufaransa kwenda New York kuwaponyoka Wanazi. Alirudi baada ya vita, na uzeeni akaweka vioo kwenye makanisa ya kale ya nchi nyingi. Dirisha lake pia liko makao makuu ya Umoja wa Mataifa huko New York tangu 1964, kwa kumbukumbu ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld na wenzake ambao ndege yao ilianguka karibu na Ndola mwezi wa tisa 1961, wakienda kutafuta kusimamisha vita vya Katanga. Kwa hiyo ndani ya ofisi ile kubwa kuna kioo kilichotengenezwa na mkimbizi kwa ajili ya watu waliokufa njiani kwa ajili ya Kongo. Wa UNHCR, mlikuwa mnajua?

Lakini lililonisumbua ni lile la Mainz, Ujerumani. Kanisa la Mtakatifu Stefano lilianzishwa mwaka 990, na mabomu ya Vita vya Pili yaliliharibu vibaya. Padri wake, Klaus Mayer, alimwandikia Chagall kumwomba vioo. Ujerumani ikimwomba Myahudi. Akakubali baada ya kuombwa sana. Dirisha la kwanza liliwekwa 1978, yeye ana miaka 91, na aliendelea mpaka kifo chake mwaka 1985. Kanisa zima limejaa buluu, wanasema ukiingia ni kama uko chini ya maji. Hakuwahi kufika Mainz kuyaona.

Niliisoma habari hiyo kwa kaka yangu mkubwa. Akaniuliza, "Wewe ungewatengenezea dirisha wale waliotuchomea nyumba?" Nikamwambia hapana. Sijafika huko, na sitaki kuandika hapa kama vile nimefika. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja alifika, akiwa mzee sana, na labda hakwenda kuyaona kwa sababu kufika kwa mkono na kufika kwa miguu ni vitu viwili.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Hapahapa Uganda, wakati wa Vita vya Pili, Waingereza walileta maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wanawake na watoto waliopitia kambi za Urusi. Waliwekwa Koja karibu na ziwa, na Nyabyeya karibu na Masindi, pembeni ya msitu wa Budongo. Pale Nyabyeya walijenga kanisa la matofali. Vita vilikwisha, wakaondoka, wengine Uingereza, wengine Australia, wengine Kanada. Ndiyo, Kanada! Kanisa lipo. Wenyeji wanasali humo mpaka leo, na karibu yake kuna makaburi ya wale ambao hawakuondoka.

Jumapili iliyopita nilimwendea yule mzee nyumbani kwake. Sikumhubiria. Nilimwonyesha Adamu na sepetu, nikamwonyesha wanawake wanaofua, nikamwambia habari ya Nyabyeya. Aliishika simu mbali na macho, kama wazee wanavyofanya. Kwa wale wanawake alikaa muda mrefu. Akauliza, "Huyu aliyechora ni mtu wa wapi?" Nikasema ni mkimbizi. Akanyamaza. Kisha akasema swali lake bado lipo palepale, dirisha litakuwa la nani, na kwamba kama tutachora mto basi tuchore na daraja lake la zamani, lile ambalo yeye alivukia akienda kuoa Kasinde mwaka 1968. Sikujua kama mke wake ametoka upande wetu. Mama mwenyewe alikuwa jikoni, akacheka akasema kwa Kinande kwamba mahari haijaisha kulipwa.

Basi hali iko hivi. Kamati ya kanisa imekubali dirisha moja, la kulia. Fundi alikuja Alhamisi kupima: upana sentimita 70, urefu mita moja na 40. Risasi hatuwezi, tutatumia fremu ya chuma na vipande vya kioo vilivyoshikwa na gundi ya madirisha, na sura tutazipaka kwa mkono. Wanawake watatu, mto, daraja. Malaika bado tunabishana, wengine wanasema asiwepo. Kioo cha kijani na cha kahawia tunatoa kwenye chupa. Manjano tumeahidiwa na fundi wa milango wa Kasese mjini.

Buluu hatuna. Nimezunguka maduka yote ya vioo, mji uliokalia kobalti, na hakuna kioo cha buluu. Anayejua duka Mbarara au Fort Portal aniandikie hapa chini, na bei, kabla ya mwisho wa mwezi.